Ncha Nyeupe ya Plagi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na pikipiki yako ya mashindano bado imefunikwa turubai.

Baba alikulaumu kwamba ulichanganya oili na petroli vibaya, ndiyo maana pistoni ikatoboka ukaanguka, nawe ukaondoka nyumbani kwa hasira. Kaka, hukukosea. Asubuhi ile ya mashindano plagi ya injini ilikuwa na masizi. Ulizoea kuniambia, "Brashi kwanza, Profesa." Mimi nikajifanya fundi wa vitabuni, nikafunga plagi ya joto zaidi, ile inayochelewa kupoa, bila kukuambia. Baadaye niliikuta ncha yake nyeupe kama chaki, dalili kwamba ndiyo iliyopasha injini moto hadi pistoni ikatoboka, nikaificha miezi minane.

Jana nilimpa Baba plagi hiyo, nikamweleza yote. Akaigeuzageuza kiganjani, kisha akasema, "Mwandikie mwenzio. Mwambie nilimsema bure."

Nisamehe.

Mdogo wako,
Profesa