Kifungo cha Shati la Bluu

Dada, uko hapo? Nimejifungia bafuni hotelini. Nimefungulia maji ili shoga yangu Msusi asisikie ninavyolia.

😭😭

Tumefika mjini salama, tukawa tunajiandaa kwenda kwenye tamasha. Msusi akanirushia shati. "Fundi wangu, nishonee kifungo hiki, nataka nilivae leo. La binamu yangu hili."

La binamu yake!

Dada, shati lile nimelishona mimi. Mkono wa kushoto niliupunguza inchi moja, kwa sababu mume wangu alivunjika mkono utotoni na mfupa ukaungwa vibaya. Ukimtazama huwezi kujua. Tepu yangu ya kupimia ndiyo inajua.

Wiki mbili nalitafuta! Mume wangu aliniambia amelisahau kazini.

"La binamu yangu." Amesema hivyo bila kupepesa macho. Msusi huyuhuyu aliyenishikilia nisianguke siku tunamzika mama.

Unajua nilifanya nini? Nilishona. Nilitoa sindano nikashona kifungo cha watu, maana sikujua mikono yangu ifanye nini kingine. Nikakata uzi kwa meno, nikamrudishia.

Akalivaa, akajigeuzageuza kwenye kioo, kisha akaangua kicheko. "Hebu ona, mkono mmoja mfupi! Aliyelishona hajui kupima!"

Na mimi nikacheka, Dada. Nilicheka naye.

Sasa anagonga mlango. Anasema niharakishe, tutakosa wimbo wa kwanza.

Nimemjibu nakuja.