Mwisho wa Nje ni wa Nyumbani

Mpendwa Dada,

Natumai waraka huu utakukuta mzima, pamoja na shemeji na wapwa zangu wenye kelele. Sisi huku hatujambo: Baba anakohoa kidogo asubuhi, nami ningali nikinguruma mikutanoni, hata chuo kizima sasa kinaniita Kipaza.

Uliniomba tuisafishe ile filamu iliyosalia kwenye mkoba wa kamera ya Baba, kwa kuwa huenda Mama yumo, na picha zake zote ziliozea majini bomba lilipopasuka. Nilikujibu kwa ujeuri. Nilikuandikia kwamba filamu ile ni ya mwaka wa mgomo wa kiwandani, kwamba umma unaidai kabla ya familia, na kwamba mtu aliyefariki siku ya kunizaa hawezi kunizuia kuandika historia. Sentensi ile niliipenda sana. Niliisoma mara mbili kwa sauti.

Nilianzia kwa mpiga picha wa mjini, bwana mwenye mashine tatu na akili ya kuendeshea moja. Aliigeuzageuza filamu, akashindwa kuyasoma maandishi yake ya kigeni kama tulivyoshindwa sote, akauliza inachomekwa wapi kwenye kompyuta. Kisha akawatangazia wateja wake kwamba profesa ameleta utepe wa cherehani. Hao ndio walinzi wa kumbukumbu zetu, Dada: wanapiga picha elfu kwa siku na hawajui picha inatoka wapi.

Basi nikaamua kuisafisha nyumbani. Baba, ambaye mikono yake sasa inatetemeka, alinipa kopo lake, dawa na mawaidha. Alisema filamu usiyoijua haisafishwi kwa kubahatisha: unakata kipande gizani, unakijaribu, ndipo unajua dakika za kuipa iliyobaki. Nikate vidole viwili tu, akasisitiza, tena upande wa ndani kabisa, penye gundi inayoishika kwenye karatasi yake ya kuikinga na mwanga, maana mwisho wa nje ni wa nyumbani. Sikumuuliza ana maana gani. Nilimtazama mzee ambaye kiwanda kizima kilimwita Tabasamu, kwa kuwa miaka ishirini aliwaambia mameneja watabasamu mbele ya kamera yake huku wenzake wakifukuzwa getini, nikamwambia kwamba ncha ni ncha, na kwamba woga wake ameshautumia vya kutosha. Alichukua saa yake, akaenda kukaa nje ya mlango wa bafu anihesabie dakika.

Nikatundika blanketi mlangoni, nikaifunua filamu kutoka kwenye karatasi yake, nikakata ncha iliyonijia mkononi kwanza. Ya nje. Na sikukata vidole viwili. Nilikata shubiri nzima, maana mapinduzi hayapimwi kwa vidole. Nikakitia kipande kwenye dawa kali kwa dakika kumi na tano. Kikatoka cheusi kama masizi. Vizuri, nikasema, sasa tunajua. Iliyobaki nikaipa dakika saba.

Ilitoka safi ajabu. Ila mgomo haumo. Zimo picha kumi na moja za meneja: meneja akikata utepe, meneja akipokea ngao kutoka kwa meneja mwenzake, meneja akilitanguliza tumbo lake mbele ya wageni. Kila kifungo kinahesabika. Hamna mfanyakazi hata mmoja, isipokuwa mkono ulioshika trei. Hicho ndicho nilichouokolea umma.

Ya kumi na mbili ilikuwa nusu, na ndipo nilipomwelewa Baba. Akimaliza kazi ya wakubwa, alibakiza picha moja ya mwisho, ile inayozungushwa nje kabisa, akaja nayo nyumbani. Mkasi wangu ulipita mabegani mwa Mama. Uso wake umo kwenye kile kipande cheusi. Nimekiinua mbele ya taa, nimekitoa juani, hakuna kinachopenya.

Hata hilo si baya kuliko yote. Baba aliniuliza kupitia mlangoni kama ya mwisho imetoka. Nikamjibu kwamba ya mwisho nayo ni ya meneja. Akasema basi siku ile alisahau kuibakiza. Tangu juzi anasukuma sahani yake na kurudia kwamba alimsahau mkewe kwa ajili ya meneja. Nami, mhubiri wa ukweli, nimeketi mbele yake nikitafuna. Halafu mwoga nilimwita yeye!

Nitamwambia leo, nikishatoka posta. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma. Humu nimeweka ile nusu. Nimeichapa kwa kuilaza juu ya karatasi ya picha chini ya kioo. Huyo aliyenuna, aliyevaa viatu kushoto kulia, ni wewe. Mkono ulioushika ni wa Mama. Tumbo lililotangulia mbele ya gauni ni mimi.

Msalimie shemeji, uwabusu wapwa zangu. Ukinijibu, usinionee huruma.

Ni mimi mdogo wako,
Kipaza