Mama Mkwe Alitusomea Kitabu Kisichokuwepo

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kama umesimama kaa kwanza, maana mimi tangu Jumamosi sijakaa sawa.

Nina mume fundi wa majokofu, binti wa miaka saba, na mama mkwe tunayeishi naye tangu binti alipozaliwa, na mimi nikiwa saluni kwangu nasuka watu yeye ndiye humsomea mtoto, miwani puani, kitabu kile kile cha zamani ambacho watoto wote wanakijua, cha msichana anayeshuka kisimani kumtafuta mama yake kwenye nchi ya ndege wanaosema, mtoto amekishika chote kichwani, basi tukasikia kimetengenezewa sinema, tukapendeza tukaenda watatu, mume alikuwa kazini.

Weh! Fisi mwenye kofia, ambaye bibi akisoma ni mjomba mpole anayegawa pipi, alipotokea tu binti yangu akampigia makofi, na fisi huyo huyo akamrukia msichana shingoni! Ukumbi mzima unapiga mayowe, wangu kasimama juu ya kiti: "Bibi, wamekosea! Waambie wamekosea!" Na mwishoni mama akabaki ndege, msichana akarudi nyumbani peke yake, mtoto akalia hadi kwikwi, na mimi nikaapa watu wa sinema hawana haya, wanaharibu kitabu cha watu. Bibi anaangalia viatu vyake.

Kufika nyumbani nikakichukua kitabu nimwonyeshe mtoto ukweli. Mshauri, nilikisoma chote nimesimama. Sinema haijakosea hata kidogo! Fisi ni adui tangu anapoingia, mama harudi, na sehemu yote ya mwisho haina picha hata moja. Nikasema, "Mama, mbona..." Akavua miwani. "Mwanangu, mimi nilikuwa naangalia picha. Zikiisha namalizia mwenyewe. Sijui kusoma." Yaani mama huyu! Anayetembea na gazeti kwapani, ambaye mume wangu hujisifu kwa watu kwamba enzi za shule alimkagulia madaftari kila jioni!

Mtoto alikuwa mlangoni, kasikia yote. Sasa anamwita bibi yake muongo na hataki hata kukaa karibu naye, mama mkwe anafungasha aende kwa mwanawe mwingine, ananisihi nisimwambie mume wangu, na mume wangu kila saa ananiuliza kuna nini humu ndani. Nimwambie? Nimfiche mume wangu jambo kama hili? Kichwa kinaniuma.

Mke wa fundi

*

Mke wa fundi,

Hata mimi nimeshika mdomo, sikufichi. Lakini pole nampa mama mkwe kwanza, wewe subiri zamu yako.

Hivi kitabu kimekaa nyumbani kwako miaka yote hiyo, kusoma unajua, na hukuwahi kukifungua hadi ulipotaka kugombana na watu wa sinema? Ungekaa na mwanao siku moja tu, ungemjua yule fisi mapema. Mwenzako alikushikia kazi yako kwa picha na kichwa chake, na aliifanya vizuri hadi mtoto akabishana na ukumbi mzima. Sisemi alifanya sawa kudai yameandikwa. Huo ni uongo, na mtoto ana haki ya kununa.

Kwa hiyo bibi mwenyewe amwombe radhi mjukuu wake, kwa maneno machache: hadithi niliitunga mimi, nikakwambia imo kitabuni, nimekosa. Wewe usiingilie. Mtoto atauliza maswali mengi, mwache aulize.

Mume wako usimwambie. Akikuuliza, mjibu kwamba ni jambo la mama na atalisema mwenyewe akiwa tayari, halafu funga mdomo. Na mama naye, habari ya kumfundisha kusoma usimtajie leo wala kesho. Akitaka atakuambia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Fisi yumo, sinema imo, mume yumo, na kichwa chako kinachouma kimo. Mahali ulipomwambia mama huyu asiondoke sijapaona. Weka gazeti hili chini, na kama bado yupo, nenda ukamwambie.