Mfumo wa Nyumbani kwa Mkuu

Jumanne, usiku

Kompyuta kumi tu za maabara ndizo zilizoingia leo kwenye seva, ile kompyuta kuu inayoziunganisha zote. Zilizobaki zilikataliwa, na mtihani wa vitendo ni wiki ijayo.

Mwalimu Mkuu ameweka kwenye seva mfumo anaotumia nyumbani kwake Nkoaranga. Lakini ule ni wa familia, hauruhusu zaidi ya mashine kumi.

Alipokuja darasani nikasema, "Samahani Mwalimu, kuna mfumo mwingine, Linux, ni wa bure na utatubeba wote."

"Binti, kingekuwa kizuri, nani angekupa bure?" Mkuu akajibu.

Darasa likacheka.

Jioni Mwalimu Neema wa kompyuta akanipa ufunguo wa maabara. "Kesho uje mapema na CD yako ya Linux. Tutaufuta ule mfumo wa Mkuu."

CD nimeificha ndani ya sweta. Tukikosea, hata zile kumi hazitaingia.