Sura ya Mama Teodora

Jumanne, 4 Februari 2025

Leo Mama Teodora kaletwa studio na mwanawe Paulo, kashikwa mkono. Kakonda! Macho ya njano. Hospitali wamemrudisha nyumbani — ini. Hakuzungusha maneno: anataka picha ya kubebwa mbele ya jeneza lake. Kwetu Waislamu hatuna hilo, ila ni jirani yangu hapa Mkolani tangu nilipoolewa, nilimwelewa.

Nikachukua kamera ya dijitali. Akainua mkono. Hapana. Anataka ile ya marehemu Rahim, mume wangu, ya filamu. Paulo akacheka — mama, nani anatumia hiyo siku hizi? Mama hakucheka.

Ni kwa sababu ya dada yake, Paskazia. Utotoni waliugua ndui pamoja na kaka yao. Kaka akafa, wao wakabaki na makovu uso mzima. Mwaka jana Paskazia alizikwa, na picha iliyobebwa mbele ilikuwa imelainishwa kwenye kompyuta. Shavu kama la msichana, jeupe. Mama Teodora akauliza kwa sauti, huyu ni nani? Watu wakadhani uchungu umemvuruga akili.

"Sitaki kuzikwa nyuma ya sura ya mtu mwingine, Mama Yassin."

Nikamwambia naweza kupiga ya dijitali nisiiguse. Akasema wewe hutaigusa, lakini Paulo atawatumia watu wa fulana, wale wanaochapa sura ya marehemu kwenye fulana za msiba, na wao wataigusa. Nimeomba nifikirie.

Alhamisi, 6 Februari

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Tangu Rahim afariki sijasafisha filamu. Ipo moja kwenye friji, imepita muda wake. Dawa ya unga ya kusafishia ipo. Karatasi za picha zimezeeka. Ikiharibika je? Dijitali naona papo hapo kama mtu kafumba jicho. Filamu — unapiga, unamwachia Mungu. Na huyu si bibi harusi wa kumwambia turudie wiki ijayo.

Paulo kapita jioni. Ana wazo: nishike kamera ya Rahim bila filamu ndani, mama aridhike, halafu nimpige na ya dijitali kama mzaha. Anampenda mama yake, anaogopa kubaki mikono mitupu. Nilimfokea. Alipoondoka nikajifokea mwenyewe, maana wazo lilikuwa limenivutia.

Jumamosi, 8 Februari

Nimempiga. Kwa filamu, wallahi. Dijitali niliiacha studio makusudi nisije nikashawishika.

Hawezi tena kutembea, wakamtoa kibarazani kwenye kiti. Binti zake wakaja na poda. Akawafukuza! Nguvu alizitoa wapi sijui. Kisha akatulia. Watu wakijua hakuna kurudia wanakaa tofauti — nilikuwa nimelisahau hilo. Hakuangalia kamera, aliniangalia mimi. Nikabonyeza. Nikapiga nyingine chache.

Wakati naaga akanishika kanga. "Usimpe mtu akaichezea." Nikasema sitampa. Nimeahidi haraka mno. Njiani ndipo nikajiuliza nina haki gani.

Jumatatu, 10 Februari

Sijasafisha. Nimesingizia umeme. Umeme ulikuwepo kutwa nzima.

Jumatano, 12 Februari

Kafariki alfajiri. Paulo alipiga simu, hakuweza kumaliza sentensi. Mazishi Ijumaa.

Nimelia jikoni. Kesho lazima niifungue ile filamu.

Alhamisi, 13 Februari

Naandika ndani ya chumba cha giza, taa nyekundu, mlango nimeukomea.

Imetoka! Nyingine zimeingia ukungu, lakini moja ni nzima. Karatasi imekuwa ya kijivu pembeni, uso haukuguswa. Kila kovu lipo mahali pake. Alipoanza kujitokeza kwenye dawa nilisema "shikamoo, mama" kwa sauti, peke yangu humu ndani. Sioni aibu.

Paulo akaja, nikamwingiza aione ikiwa bado kwenye beseni la maji. Akaegemea ukuta akalia. Huyu ndiye mama, alisema. Nikamshukuru Mungu.

Kisha akafuta macho, akatoa simu. Aipige picha, awatumie watu wa fulana, wanasubiri. Wayapunguze makovu kidogo tu hapa mashavuni. Dada zake wamesema wageni wanatoka mpaka Dar, wasimwone mama hivi. Akaipiga humu humu — ikatoka nyekundu tupu. Akaomba aitoe nje.

Nikamwambia nilichomwahidi mama yake. Hakugomba. Afadhali angegomba! Alisema kwa upole kabisa: "Mama Yassin, aliyekufa ni mama yangu."

Ni kweli. Ni mama yake. Atakayeibeba barabarani ni yeye, wala si mimi. Na alipomwona humu alimjua mara moja, kabla hajawakumbuka dada zake na wageni wa Dar. Ndiyo maana siwezi kumchukia.

Nikamwambia karatasi ikiguswa mbichi inaharibika, asubiri nje ikauke. Akatoka. Nikakomea.

Imekauka. Iko mapajani kwangu, kavu kabisa. Ingekuwa ya dijitali, saa hizi ingeshafika kwa watu wa fulana. Nimewaza kutoka kesho nayo mwenyewe, moja kwa moja mpaka kwenye jeneza. Mbele ya wanawe? Mimi ni nani?

Amegonga. Kwa heshima, vidole viwili tu. Ameuliza kama tayari.

"Bado haijakauka," nimemwambia.

Nasubiri kusikia akirudi kwenye kiti. Sijasikia kiti. Yuko pale pale mlangoni.