Barua Niliyoisoma Kanisani

Kalundu, tarehe 2 Juni 1964

Kwa ndugu yangu Gaspard,

Pokea salamu nyingi za yaya yako, dada yako mkubwa. Uko muzima? Bibi yako na watoto je? Sisi tungali tunapumua, Mungu asifiwe, ingawa waasi wameshika mji tangu mwezi uliopita na njia ya Bukavu imefungwa. Barua hii Generose muuza samaki anaivusha mpaka Bujumbura ndani ya kapu la ndagala, aitie posta huko.

Unajua Donatien wangu ndiye wa kwanza hapa kwetu kuingia université huko kwenu Léopoldville. Hata wenye ng'ombe mia kule juu milimani hawana mtoto kama huyo! Kila barua yake minye mwenyewe niliisoma kanisani baada ya ibada, kwa sauti, maana yale madarasa manne ya misioni sikuyakalia bure. Watu wakisema nina baraka, niliwajibu kwamba bado hawajaona kitu.

Sasa nisikilize, Gaspard. Mwezi wa pili aliandika kwamba hapati usingizi, anashinda kitandani akitazama ukuta, vitabu vinamtisha, anaomba ruhusa arudi. Nilikuwa nimekwisha kusimama mbele ya watu nilipoifungua. Nikasoma kwamba amewashinda wenzake wote kwa hesabu na professeur amempa mkono. Vigelegele! Pasteur Mathieu akamwandikia pongezi, watu arobaini wakatia sahihi. Minye nikaongeza kikaratasi changu, kwamba avumilie, asinitie haya.

Alijibu mstari mmoja tu, kuuliza nimewasomea habari za mtoto wa nani. Tangu hapo, kimya. Miezi mitatu.

Leo nikimwita, atapita wapi? Hapa wanawatafuta waliosoma. Mwalimu Kizito walimchukua juzi, hajarudi. Nimebaki na weye tu. Siku utakayoipata barua hii, acha kazi, enda chumbani kwake. Usimuulize masomo. Mpeleke kwako, ale na watoto, asiachwe peke yake hata kidogo. Nasikia huko iko madaktari wa mambo ya kichwa, mfikishe. Mwambie nilidanganya, na Jumapili nitasimama palepale niisome barua yake jinsi alivyoiandika.

Ukikuta chumba kitupu, usiniandikie kwanza. Mtafute.

Nisalimie bibi yako, ubusu watoto. Mungu akutangulie njiani.

Yaya yako,
Agnès Mukamusoni