Mkono wa Shangazi Kwenye Mashine ya Tangawizi

Jumatatu, 8 Julai

Sala, halafu kazi, kama kawaida. Kina mama wa kiwanda chetu cha tangawizi hapa Mhezi huiwekea mashine mikono kila asubuhi. Lazima iwe imewashwa. Shangazi Namsifu, dada wa baba, anasema huwezi kuombea kitu kilichozimwa. Yeye mkono wake huuingiza ndani kabisa, kwenye bamba linalosukuma tangawizi kwenye visu. Sijawahi kuipenda tabia hii. Sijawahi kusema pia. Mimi ni fundi, lakini kwao ni mtoto tu.

Leo mashine imejizima mara sita. Magunia yamejaa hadi mlangoni, mengine yanaanza kuoza. Nimechoka. Nimelegeza kikomo cha kengele inayoizima. Imefanya kazi hadi jioni bila kusimama. Nimepongezwa.

Jumanne, 9 Julai

Wakati wa sala bamba limesogea. Upana wa kidole. Hakuna aliyeliamuru. Shangazi kacheka, kasema hata mashine imeitikia amina.

Najiambia ni kawaida. Mota ya bamba hili haikubali kusukumwa. Kompyuta inaituma kwa mapigo ya umeme, pigo moja hatua moja. Nyuma yake kuna enkoda, jicho linalohesabu hatua ilizopiga kweli. Ukiiegemea, jicho linaona imehama, nayo inajirudisha mahali pake. Kwa hiyo shangazi aliegemea. Basi.

Ila haikurudi. Ilikwenda mbele.

Jumatano, 10 Julai

Saa ya chakula nimefungua kifuniko. Waya wa enkoda umechubuka pale unapokunjika. Naogopa sana. Jicho likipofuka, mota inasogea lakini inaambiwa bado hujafika, basi inazidi kusukuma. Hatua zilizoagizwa na hatua zilizoonekana zikiachana mno, kengele ndiyo inayokata umeme. Hiyo ndiyo niliyoilegeza.

Nimezungushia utepe. Nimeagiza waya mpya mjini Same. Nikarudisha kikomo, mashine ikagoma baada ya dakika mbili, mwenyekiti wa kiwanda akaniangalia. Nikakilegeza tena. Sikusema kitu. Mwoga mimi.

Alhamisi, 11 Julai

Ukungu, njia utelezi. Nimechelewa, siku niliyopanga kuwahi nizime kabla ya sala. Nimewasikia wanaimba nikiwa bado kwenye kona. Nimekimbia. Nafika mlangoni: macho yote yamefumbwa, bamba linatembea, mkono wa shangazi uko mbele yake. Nimepiga kitufe chekundu kwa ngumi.

Vidole viwili vimechunika. Vipo vyote. Nimevihesabu mara mbili.

Nimesema mbele ya wote kwamba kengele niliilegeza mimi, na waya niliujua. Shangazi ameniuliza, "Ulijua tangu jana, ukanyamaza?"

Ijumaa, 12 Julai

Hakuna kazi. Waya umefika kwa gari la Same. Nimeufunga, nimerudisha kikomo. Nimeweka kipande cha mgomba mbele ya bamba, nikachomoa enkoda makusudi. Kengele ikalia, mota ikasimama. Nimerudia mara ishirini.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemwamkia shangazi shikamoo. Marahaba, bila kuniangalia. Kitambaa cheupe kwenye vidole. Swichi kubwa nilikuwa nimeshaizima. Nimewaambia kuanzia leo tunaomba mashine ikiwa imezimwa. Wengine wameitikia kwa kichwa.

"Kuanzia Jumatatu," kasema shangazi. "Leo washa. Uweke mkono wako."

Nimewasha. Nimeingiza mkono hadi kwenye bamba. Baridi. Wao mikono wameikunja vifuani. Shangazi ameomba kwa Chasu, Kipare chetu, polepole, akataja ukoo mzima, mmoja mmoja, hadi jina langu. Bamba halikusogea.